Kakoba siyo tusi

Mwezi huu kwenye ukurasa wa walimu hatuongei juu ya usafi wala juu ya watoto wanaochelewa shule. Tunaongea juu ya neno moja tu, neno "slum", ambalo siku hizi watoto wanalitupiana njiani kama mawe. Na tunaanza kwa kuungama, maana safari hii kosa lilikuwa la kwetu sisi walimu.

Muhula huu tulikuwa tunafundisha P6 somo la SST, habari ya miji ya Afrika Mashariki na matatizo yake. Ubaoni tukaandika vile tulivyoandikiwa sisi wenyewe tukiwa wanafunzi: slum ni mahali pachafu mjini, panapokaa watu maskini, wezi na walevi. Mtoto mmoja akainua mkono akaomba mfano. Tukasema Kisenyi ya Kampala, Kibera ya Nairobi, na kwa hapa karibu, Kakoba ya Mbarara. Watoto wakanakili kwenye daftari. Tukafuta ubao, tukaendelea na habari ya msongamano wa magari.

Tulisahau kwamba kwenye benchi la tatu alikuwa amekaa mtoto aliyetoka Kakoba. Alikuwa amerudi huku kambini na mama yake na wadogo zake, hata miezi miwili haijaisha. Mpaka saa ya mapumziko alikuwa ameshapewa jina jipya. Akiguswa mpira, wanapiga kelele, "Slum, pasi! Slum, pasi!" Siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya pili alikataa kucheza, akasema, "Miye siko mutoto ya slum. Tulikuwa tunakaa Kakoba." Ndiyo wakacheka zaidi, juu kwa kitabu imeandikwa Kakoba ni slum, na ni ticha ndiye aliyesema. Siku ya tatu hakuja.

Siku ya nne alikuja mama yake. Alishika lile daftari. Yeye Kiingereza hasomi, alikuwa amemwomba jirani amsomee. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema hivi, "Bawalimu, miye nilikaa Kakoba miaka tatu. Nilifua manguo ya watu, nililipa nyumba kila mwezi, sikuiba kitu ya mutu. Sasa haya maneno mulimuandikisha mutoto wangu, muliitosha wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulilitoa kwa walimu wetu, nao walilitoa kwa walimu wao. Tukamwomba msamaha, tukamwahidi kutafuta. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata, na tumeona si vizuri yabaki shuleni peke yake.

Tuanze na Kakoba yenyewe. Wengi wetu tunaijua kwa kupita tu, tukienda hospitali au sokoni. Ni upande mmoja wa Mbarara, na kabla mji haujapewa hadhi ya siti mwezi wa Julai 2020, Kakoba ilikuwa divisheni kamili ya manispaa. Ndani yake kuna chuo kikuu cha Bishop Stuart, kuna nyumba za ghorofa zenye geti, kuna makanisa, misikiti, magaraji. Na kweli, kuna sehemu kama Kisenyi, ambako nyumba zimebanana, maji ya mvua yanaingia ndani, na choo kimoja kinatumiwa na familia nyingi. Hatutaki kuficha hayo. Lakini kusema "Kakoba ni slum" ni kama mtu aingie Nakivale, aone hema moja limechanika, aende aandike kwamba Nakivale yote ni hema lililochanika.

Halafu wanaokaa kule Kisenyi ni nani? Ni wapiga boda, wauza chapati, wafua nguo, wanafunzi waliokosa nafasi hosteli, na ni sisi. Ndiyo, ni sisi. Chakula kilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na mwaka 2023 familia zilipogawanywa kwa makundi na zingine zikatolewa kwenye orodha, kuna waliofunga shuka zao wakaenda Mbarara kutafuta kazi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi. Tatizo ni kwamba msaada mwingi unatolewa huku kambini, kwa hiyo aliyeenda mjini anakula kwa jasho lake. Chumba anachoweza kulipa kiko wapi? Kiko hapo Kisenyi.

Chumba hicho wenyeji wanakiita "muzigo". Ni nyumba ndefu iliyokatwa vyumba kwa mstari, kila chumba mlango wake na familia yake. Sisi Waswahili tukisikia tunacheka, kwani kwetu mzigo ni kitu cha kubeba kichwani. Yule mama alituambia, "Hata ukiita mzigo kwa Kiswahili, ni kweli. Tarehe moja ikifika, unaisikia kwa kichwa." Alituambia pia maji yalikuwa shilingi mia mbili kwa jerikeni, kwamba jirani yake Mnyankole alikuwa anamwachia watoto bila kulipa, na kwamba usiku mtu akiugua, mlango wa tatu tayari wameamka, juu kuta ni nyembamba. Alirudi huku kwa sababu kazi ya kufua iliisha, siyo kwa sababu ya wezi.

Sasa neno lenyewe. Tulikuwa tunadhani "slum" tangu mwanzo ni neno la uchafu. Kumbe hapana. Kulikuwa na mfungwa mmoja Mwingereza, James Hardy Vaux, aliyesafirishwa mpaka Australia kwa makosa ya wizi. Mwaka 1812 alitunga orodha ya maneno ya siri ya wezi, na humo "slum" ni chumba. Chumba tu. Baadaye kule London likawa na maana ya vichochoro vya nyuma wanakokaa maskini, kisha matajiri wakaanza kulitumia kama jina la mtaa mzima, na uchafu na ulevi na dhambi vikabebeshwa humo. Kwa hiyo neno lilianza likiwa karibu kabisa na muzigo. Ajabu, eh?

Tulipoona hivyo tukaanza kuuliza majina mengine, na karibu kila tulikopita ilikuwa hadithi hiyohiyo. Jina linaanza likiwa la kawaida. Linaharibikia kwenye mdomo wa mtu anayekaa mbali.

Kibera, kwa mfano. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Waingereza waliwapa wanajeshi wao wenye asili ya Sudan, Wanubi, mahali pa kukaa nje ya Nairobi. Palikuwa na miti, na kwa lugha yao wakapaita Kibra, maana yake msitu. Hadi leo Wanubi wazee wanasema Kibra, na jimbo la uchaguzi linaandikwa hivyo. Wanaokaa ndani hawasemi "slum". Wanasema wanatoka kijiji fulani: Makina, Lindi, Kianda, Silanga, Laini Saba. Redio na magazeti ya Kenya ndiyo yanasema "mtaa wa mabanda". Na angalia neno likishapata nguvu linavyofanya hata kwa hesabu: miaka mingi watu waliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya Kenya ya 2009 ilipohesabu, ilikuta watu wapatao 170,000. Wengine walibishana na hesabu hiyo, lakini tofauti ni kubwa mno.

Tanzania wana neno letu wenyewe: uswahilini. Ukilitazama ni "mahali pa Waswahili", basi. Linatoka wakati wa ukoloni. Wajerumani waliweka sheria ya ujenzi Dar es Salaam mwaka 1891, na mji ukagawanywa kwa aina ya nyumba, Waingereza wakaendelea hivyohivyo. Wananchi wakapa kila upande jina lake: uzunguni, uhindini, uswahilini. Uzunguni wakapata bomba na lami. Uswahilini wakapata vumbi. Baada ya miaka, mtu akisema "huyo ana tabia za uswahilini" anamaanisha kelele na umbeya! Lakini vijana wa huko wakaligeuza. Wanasema "uswazi" kwa kujivuna, na miaka ya 2000 kundi la muziki la TMK Wanaume, la akina Juma Nature, liliweka herufi za wilaya yao ya Temeke kwenye jina lenyewe. Wengi wetu tulicheza nyimbo zao kwenye sherehe za arusi hapahapa kambini. Kampala nako Bobi Wine, kabla ya habari za siasa ambazo si kazi ya ukurasa huu, alijiita Rais wa Ghetto, akiwa kijana wa Kamwokya.

Na Zanzibar wana Ng'ambo. Maana yake upande wa pili, basi. Kulikuwa na mkono wa bahari unaotenganisha Mji Mkongwe wa nyumba za mawe na upande wa nyumba za udongo na makuti. Aliyekaa mjini akasema wale wako ng'ambo. Ukijaribu kufikiri, kwa mtu wa Ng'ambo ni mjini ndiko ng'ambo, lakini jina linatolewa na mwenye kalamu. Mkono huo wa bahari ulifukiwa zamani, barabara inapita juu yake, na maghorofa marefu ya Michenzani yalijengwa kule Ng'ambo baada ya mapinduzi ya 1964. Jina lingali lipo.

Kwetu Kongo wazazi wanakumbuka "cité". Wakati wa Wabelgiji, "ville" ilikuwa ya wazungu na "cité" ya watu weusi, na usiku ukikutwa upande usio wako bila karatasi, shida. Leo mtu wa Bukavu akisema anakaa Kadutu, au wa Goma akisema Birere, ni anwani yake tu, na soko liko karibu. Ndugu zetu Wanyarwanda wana neno "akajagari", fujo, kitu kisichopangwa, na serikali inalitumia kwa nyumba zilizojengwa bila ramani. Pale Kigali palikuwa na mtaa unaoitwa Kangondo, lakini watu wa nje waliuita Bannyahe. Wanaojua lugha wanaona aibu kutafsiri, sisi tutafsiri kwa adabu: ni swali, "wanajisaidia wapi?" Fikiri unaulizwa unakaa wapi na jibu lako ni swali hilo. Mtaa huo ulibomolewa 2022.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu kuna wazazi watasema, walimu hawa wamekosa kazi, neno ni neno tu, halivunji mfupa. Mwaka 2005, mwezi wa Mei, serikali ya Zimbabwe ilianza operesheni ya kubomoa nyumba na vibanda vya maskini mijini. Operesheni ikapewa jina la Kishona, Murambatsvina, yaani kukataa au kuondoa uchafu. Umoja wa Mataifa ukamtuma Mtanzania, mama Anna Tibaijuka, aliyekuwa mkuu wa UN-Habitat, aende kuangalia. Ripoti yake ya Julai mwaka huohuo ilisema watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, au kazi, au vyote viwili. Mahali pakishaitwa uchafu, anayeleta tingatinga anasema anafagia. Sisi hapa wengi tumeshaitwa majina kabla ya kufukuzwa kwetu. Hatuhitaji kufundishwa hilo na kitabu.

Haya, je, neno "slum" lifutwe? Tulibishana sana sisi wenyewe. Mwenzetu mmoja alisema lifutwe kabisa. Sisi wengine tuliona haiwezekani, kwani mtihani wa PLE unaweza kuliuliza, na pia kuna kazi ambayo neno hilo linafanya vizuri. UN-Habitat, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia makazi, ambayo makao yake yako Nairobi, inalipima bila kutaja wezi wala walevi. Inaangalia familia inayokaa mjini, je, inakosa kimoja kati ya hivi: maji salama, choo kinachofaa, nafasi ya kutosha isizidi watu watatu kwa chumba, nyumba imara, na uhakika wa kutofukuzwa. Ikikosa hata kimoja, hiyo inahesabiwa kuishi katika slum. Kwa kipimo hicho ni watu zaidi ya bilioni moja duniani. Ukilitumia namna hiyo, neno halimsemi mtu. Linasema ni nini ambacho hajapewa.

Basi tukarudi darasani P6, na mtoto wetu alikuwa amerudi, mama yake alikubali. Tukaandika vitu vile vitano ubaoni, tukasema kila mmoja ahesabu kwao, kimoyomoyo, asimwonyeshe mwenzake. Watoto si watu wa kimoyomoyo. Baada ya dakika moja walikuwa wanapiga kelele. Kwetu tunalala saba chumba kimoja! Sisi paa ni shitingi! Sisi bomba likikauka tunachota ziwani! Kuhusu ardhi, kila mmoja anajua ploti tunalima na kujenga lakini si mali yetu. Mwishoni msichana mmoja wa New Congo akauliza, "Ticha, kumbe sisi wote tuko slum?" Mwingine akamjibu haraka, "Hapana, sisi tuko settlement."

Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Lakini tukiwaza, yule mtoto alisema kitu. Kile kipimo kinasema "mjini", ndicho pekee kinachotutoa kwenye hesabu. Na mji ni nini? Mbarara kwa sensa ya 2014 ilikuwa na watu wapatao 195,000. Nakivale yetu, iliyoanza miaka ya mwisho ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia, leo ina watu zaidi ya 150,000, na Base Camp siku ya soko huwezi kupita na baiskeli. Wakubwa wanasema "settlement", sisi tunasema kambi, Wasomali wana Little Mogadishu yao, na aliyeko Kakoba akiulizwa anasema yuko "tauni". Jambo moja ni moja kabisa: mto Rwizi unaopita kando ya Kakoba ndio unaoleta maji kwenye maziwa ya huku kwetu. Wakitupa uchafu mtoni kule, sisi tutaukuta huku tukichota. Watoto walipenda hiyo kuliko yote, na walitaka tuandike wimbo, tukakataa, kipindi kilikuwa kimeisha.

Maneno mapya tuliyoyaweka kwenye daftari zao, juu ya yale ya zamani tuliyoyakata kwa mstari, ni haya: "Slum ni sehemu ya mji ambako familia nyingi hazijapata maji salama, choo, nafasi, nyumba imara au uhakika wa kukaa. Watu wa hapo wana majina yao kwa mahali pao. Uliza." Mkaguzi akija akisema siyo ya kwenye kitabu, tutamwonyesha ukurasa huu.

Kisha tukamwomba mtoto wetu, kama anataka, atuchoree Kakoba aliyoijua. Alichora siku mbili. Alichora mstari wa mizigo yenye milango sita, akaandika nani alikaa kila mlango. Akachora bomba na foleni ya majerikeni, mfereji, muuza rolex na jiko lake, na kanisa walilokuwa wanasali. Mlango wao aliupaka kijani. Tukamuuliza kwa nini kijani, akasema ni juu ulikuwa kijani.

Picha hiyo imebandikwa ukutani P6, mama yake alikuja kuiona. Aliangalia muda mrefu, akasema choo amekisahau, kilikuwa pale nyuma, na mtoto akakiongeza kwa kalamu ya risasi.

Uwanjani bado wapo wanaomwita Slum, hatutawadanganya. Jina likishashika halitoki kwa somo moja. Juzi tulisikia mmoja akiita "Kakoba, pasi!" na akapewa pasi.

Tunaomba familia zenye neno la kwenu la mitaa ya namna hii, kwa Kirundi, Kisomali, Kiamhari, Kinyankole au lugha yoyote, mlete shuleni kwa walimu wa P6 kabla ya mwisho wa mwezi. Mtuambie maana yake ya kwanza, na nani alianza kuliita hivyo. Msiojua kuandika, mtume mtoto aje kutuambia kwa mdomo, sisi tutaandika.